Kangaja Hakuleta Ugonjwa: Kisa cha Tangi la Maji ya Chumvi Nyali

Kisa hiki ni cha tangi la lita 700 lililoko sebuleni kwa mzee mmoja mstaafu wa Nyali, Mombasa. Mimi ndimi fundi wa tangi hilo, na mwenyewe ameniruhusu kukieleza kisa mradi jina lake lisitajwe. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu karibu kila aliyekisikia alitoa hukumu ile ile papo hapo: kangaja mpya, samaki wa miamba, ndiye aliyeleta ugonjwa wa madoa meupe, na karantini aliyowekwa ilikuwa kazi bure. Hukumu hiyo si ya kweli, na anayeishika atapoteza samaki tena kwa mlango ule ule.

Kabla ya mambo kuharibika, tangi lilikuwa na samaki saba. Nemo wawili wa aina ya huku kwetu Afrika Mashariki (Amphiprion allardi), kangaja wa tanga mmoja (Zebrasoma desjardinii), chromis watatu wa kijani, na samaki msafishaji (Labroides dimidiatus), yule mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni. Pamoja nao kulikuwa na matumbawe laini na magumu, kamba wawili na konokono wa kula mwani. Kwa zaidi ya mwaka hakikuwa kimeongezwa kiumbe chochote. Maji yalikaa kwenye nyuzi 27 hadi 28, na samaki walikuwa wamenona.

Mzee akamtamani kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon. Anayemjua hatashangaa. Uso mweusi, kidevu cheupe, pezi la mgongoni la njano na mwili wa buluu ya kung'aa. Na anapatikana kwenye miamba yetu wenyewe. Lakini samaki huyu ana sifa ya pili inayojulikana na wafugaji dunia nzima, nayo ni wepesi wake wa kushikwa na madoa meupe. Kwa hiyo tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hataingia sebuleni bila karantini kamili.

Karantini yake ilifanyika chumba cha uani. Tangi la kioo la lita 120 lisilo na mchanga wala jiwe, vipande vya mabomba ya PVC vya kujifichia, sponji ya kuchujia iliyokwisha kuota bakteria, na pampu ya hewa yenye betri kwa sababu stima haina ahadi. Mchanga na mawe ya matumbawe havifai hapo maana hunyonya shaba, na shaba ndiyo ilikuwa dawa.

Nieleze hesabu ya shaba vizuri, kwa sababu wengi huitia kwa kukisia kisha wakalaumu dawa. Kiwango cha shaba huru kinachoua kimelea cha madoa meupe bila kumuua samaki ni kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita. Chini ya hapo kimelea kinapona, juu ya hapo samaki anaanza kuumia. Njia nyembamba. Tulitumia mrututu (salfeti ya shaba) safi wa maabara, si ule wa kupuliza mimea unaouzwa maduka ya kilimo, kwa sababu ule huwa na vitu vingine ndani. Gramu 1 ya mrututu ikiyeyushwa katika lita 1 ya maji ya betri (yaliyotoneshwa, si asidi), kila mililita hubeba takriban miligramu 0.25 za shaba. Tangi la lita 120 likahitaji kama mililita 85 kufikia 0.18, na hizo zikagawanywa kwa siku tatu ili mwili wa samaki uzoee. Kipimo kilifanywa asubuhi na jioni, na kila kilichosomwa kiliandikwa kwenye daftari la shule lililofungwa kwa uzi mguuni mwa meza. Maji yalipobadilishwa, maji mapya yalitiwa shaba ya kiwango kile kile kabla ya kumiminwa.

Siku 21 za shaba, zikihesabiwa tangu kiwango kilipotimia. Kisha kangaja akahamishiwa chombo kingine kikavu, kilichojazwa maji mapya yasiyo na shaba, akaangaliwa siku 14. Hakutoa doa hata moja. Alikula mwani kutwa, mkia haukukunjamana, pumzi ilikuwa ya kawaida. Akaingizwa sebuleni.

Siku ya tano simu ikaingia. "Fundi, njoo utizame. Huyu kangaja wako ameota chunusi."

Nilimkuta na chembe nyeupe kwenye mapezi ya ubavuni na mkiani, kila moja kama punje ya chumvi ya mezani, zimetengana, zinahesabika. Jambo hilo la kuhesabika lina maana. Kuna ugonjwa mwingine, velveti, unaoletwa na Amyloodinium ocellatum. Huo vidoa vyake ni vidogo mno na vingi mno, havihesabiki, na samaki anaweza kufa kabla hujaviona, kwa kuwa huanza na mashavu ya kupumulia. Mwenye velveti hukimbilia penye mkondo wa pampu na kukaa hapo akihema, huku akikwepa mwanga. Kangaja hakuwa hivyo. Ili kuondoa shaka nilikwangua ute kidogo ubavuni kwa kipande cha kioo chembamba na kuutazama kwa hadubini. Chembe kubwa nyeusi ya mviringo, inajizungusha polepole, imezungukwa na vinywele. Hiyo ni Cryptocaryon irritans, kimelea cha madoa meupe ya baharini. Ya velveti ingekuwa imetulia tuli, na umbo lake ni la peasi.

Hapo ndipo hukumu ilipotolewa. Jirani alikuja, mkwe wa mzee akaja, wote wakasema kitu kimoja: samaki mgeni ndiye mwenye madoa, basi yeye ndiye aliyeyaleta. Na kama yeye ndiye aliyeyaleta baada ya wiki tano za shaba na vipimo, karantini ni mchezo wa kupoteza muda. Ni rahisi kuona kwa nini watu wanafikiri hivyo. Aliyeonekana mgonjwa kwanza hushikwa kuwa chanzo.

Mimi nililiweka swali upande mwingine: kimelea kilipitia wapi? Vitu vitatu vilikuwa vimeingia kwenye tangi lile kutoka nje, si kimoja. Kangaja. Maji ya bahari. Na tumbawe, ambalo hakuna aliyelitaja.

Tumbawe lenyewe lilikuwa zoantidi, kishada cha vichwa kama kumi vya rangi ya machungwa, kimebandikwa kwenye kikalio kidogo cha simenti. Mzee alilinunua duka moja mjini kangaja akiwa bado kwenye shaba. Akalichovya dakika kumi kwenye maji yenye iodini kama alivyoshauriwa, akalisuuza, akalibandika juu ya jiwe sebuleni siku ile ile. Ushauri aliopewa ndio unaotolewa karibu kila mahali: samaki anawekwa karantini, tumbawe linachovywa dawa. Kwenye duka lile matangi ya samaki na ya matumbawe yanatumia chujio moja na maji mamoja.

Ili kuelewa jambo hilo lina uzito gani, ni lazima kuufuata mwendo wa kimelea hatua kwa hatua. Kikiwa juu ya samaki kinakaa chini ya ngozi, si juu yake, na ndiyo maana samaki msafishaji hawezi kukimaliza. Watu humnunua wakidhani ni daktari, na ni miongoni mwa samaki wanaosafirishwa sana nje kutoka pwani ya Kenya kwa ajili ya matangi, lakini madoa haya hayawezi. Kinakaa hapo siku 3 hadi 7, kinanenepa, kisha kinajitoa na kudondoka. Madoa yanapotoweka mtu hufurahi kwamba samaki amepona. Hajapona, kimelea kimeshuka chini. Baada ya saa chache kinajifunga ndani ya kifuko kigumu kilichonata juu ya kitu chochote kilicho karibu: mchanga, jiwe, kioo, gamba la konokono, kikalio cha tumbawe. Ndani ya kifuko kinagawanyika mara nyingi, na kifuko kinapopasuka wanatoka vichanga kwa mamia, wanaogelea wakitafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku moja au mbili, wanakufa.

Kifuko ndicho kiini cha mambo yote. Vingi hupasuka ndani ya wiki moja au mbili, lakini havipasuki kwa pamoja. Vilivyotokana na samaki mmoja, siku moja, vingine hupasuka baada ya siku 3 na vingine baada ya wiki kadhaa. Imeshuhudiwa kimoja kikichukua hadi siku 72. Dawa ya shaba haikigusi kikiwa kimefungwa. Iodini haikigusi. Kusuuza hakukiondoi. Na macho hayakioni.

Kimelea hiki pia kina saa zake. Hudondoka kutoka kwa samaki gizani, na vifuko hupasuka zaidi usiku wa manane hadi alfajiri. Baharini hilo halimsumbui samaki sana, maana maji ni mengi na kufikia asubuhi mkondo umewatawanya vichanga. Ndani ya kioo samaki analala pango lile lile kila usiku, na vifuko vimejaa sakafuni mwa pango hilo.

Sasa turudi kwa washukiwa. Maji huchotwa wakati bahari imejaa, hupitishwa kwenye chujio la mikroni 5, kisha hukaa kwenye tangi jeusi lililofunikwa kwa wiki tatu. Kichanga cha kimelea hakiwezi kuishi humo bila samaki zaidi ya siku mbili, na kifuko hakipiti kwenye chujio lile. Zaidi ya hapo, maji yayo hayo ndiyo aliyokaa nayo kangaja siku 14 za uangalizi bila dawa, na hakuugua. Maji yakaondoka kwenye orodha.

Kangaja naye alikuwa na daftari lake. Hakuna siku kipimo kilishuka chini ya 0.15. Baada ya shaba alihamia chombo kikavu, kwa hiyo kama kulikuwa na kifuko kilichobaki sakafuni kwenye tangi la kwanza, hakikumfuata. Na kama alikuwa bado amebeba vimelea mwilini siku ya kuhamishwa, vingeshuka, vingejifunga, vingepasuka na kumrudia ndani ya zile siku 14, kwenye chombo kidogo ambamo vichanga hawana mahali pengine pa kwenda. Angejaa madoa.

Lililomaliza ubishi lilikuwa kwenye simu ya binti wa mzee. Alikuwa amempiga video mwanawe akila keki ya kuzaliwa sebuleni, na nyuma ya mtoto tangi linaonekana vizuri. Tuliitazama tumesimama, mzee ameshika miwani mkononi. Kwenye sekunde chache tu, nemo mkubwa anajirusha ubavu kwenye jiwe, mara moja, kisha tena. Kangaja wa tanga anapiga miayo. Video hiyo ilipigwa siku 12 baada ya tumbawe kuingia na siku 4 kabla ya kangaja wa buluu kuingia.

Mzee alikaa kitini. "Kwa hiyo tumemtia mgeni kwenye nyumba yenye maradhi."

Ndivyo ilivyokuwa. Samaki wa zamani walikuwa wameshaambukizwa, ila wimbi la kwanza huwa dogo, na mara nyingi vimelea hukaa kwenye mashavu ya kupumulia ambako mtu haoni. Wao walikuwa wazima, wamezoea, wanakula. Wakajikuna kidogo na kuendelea. Samaki akiambukizwa akapona hujenga kinga ya kiasi, na akiwa na kinga hiyo anaweza kubeba vimelea vichache miezi kadhaa bila doa. Kangaja wa buluu alikuja ametoka kwenye wiki tano za maji yasiyo na kimelea, amehamishwa, anafukuzwafukuzwa na kangaja mwenyeji, na akatua katikati ya wimbi la pili au la tatu. Alionyesha ugonjwa kwanza kwa sababu alikuwa dhaifu kuliko wote.

Je, ugonjwa haukuwamo tangini tangu zamani? Swali hilo nililiuliza pia, na ni swali la haki kwa kila tangi ambalo samaki wake wa mwanzo hawakuwekwa karantini. Lakini kimelea kinachozunguka kwenye kundi lile lile la samaki bila kuongezewa damu mpya hudhoofika kizazi baada ya kizazi, na uchunguzi wa maabara umekiona kikiisha baada ya takriban miezi 10 au 11. Tangi lilikuwa limefungwa zaidi ya mwaka na halijawahi kuonyesha dalili. Tumbawe liliingia, dalili zikafuata kwa muda unaolingana na mzunguko wa kimelea. Sioni njia nyingine ya kuusoma ushahidi huo.

Tiba ilikuwa ngumu kuliko uchunguzi. Shaba haiwezi kutiwa sebuleni, inaua matumbawe, kamba na konokono, na mawe yanainyonya na kuirudisha majini muda mrefu baadaye. Dawa zinazouzwa kwa maneno ya "salama kwa matumbawe" sijaona moja inayomaliza madoa meupe, na siwezi kumshauri mtu atumie fedha na siku zake huko wakati samaki anakufa. Njia ni moja: samaki wote watoke, watibiwe nje, na tangi libaki bila samaki hadi kifuko cha mwisho kipasuke na vichanga wake wafe njaa.

Kuwatoa samaki kwenye tangi lenye mawe ni kazi ya jasho. Kangaja wawili tuliwashika usiku taa zikiwa zimezimwa, wamelala ubavuni mwa jiwe. Chromis na nemo waliingia kwenye dema dogo nililolitengeneza kwa chupa ya maji ya lita 5, shingo imekatwa na kugeuzwa ndani, kamba mbichi amewekwa humo kama chambo. Msafishaji alikuwa wa mwisho, na ilibidi mawe yote ya upande wa kushoto yatolewe.

Kangaja, nemo na chromis waliingia kwenye shaba. Msafishaji hakuingia. Jamii yake huvumilia shaba vibaya, kwa hiyo kwake tulitumia njia ya kuhamisha: samaki anakaa kwenye beseni la maji safi, kila baada ya saa 72 anahamishiwa beseni jingine kavu lenye maji mapya, mara nne mfululizo. Hakuna dawa ndani yake. Kimelea kinachodondoka kinahitaji angalau siku tatu ndani ya kifuko, na kabla hazijapita samaki ameshaondoka. Kila beseni, bomba na wavu uliotumika huoshwa kwa jiki, husuuzwa na kukaushwa juani kabla ya zamu yake kurudi. Maji yanayomfuata samaki yawe yale tu yaliyomlowesha mwili.

Hapa kuna jambo ambalo wafugaji wa pwani hawalithamini vya kutosha. Njia ya kuhamisha humwaga maji mengi, na kwa mtu wa Nairobi au wa bara ya mbali anayechanganya chumvi ya kununua kwa kilo, ni gharama. Sisi bahari iko mlangoni. Kwa madoa meupe peke yake, kwa samaki asiyependa shaba, ningependa kuiona njia hii ikitumika Mombasa, Kilifi, Tanga na Zanzibar kuliko inavyotumika sasa. Haitibu velveti, hilo lisisahaulike. Kushusha chumvi hadi uzito linganifu (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi) wa 1.009 pia huwafanyia kazi wengi kwenye madoa meupe, lakini kunahitaji kipimo sahihi kila siku, na zipo aina za kimelea zinazohimili.

Kangaja wa buluu alikufa usiku wa pili wa tiba. Madoa yake yalikuwa yamepungua, jambo lililomchanganya mzee sana, lakini samaki hafi kwa madoa ya ngozini. Hufa kwa mashavu yaliyochanikachanika ambayo hayawezi tena kuvuta hewa, na Mombasa mwezi wa Machi, maji yakiwa karibu nyuzi 30 kwenye chumba cha uani, hewa majini ni chache kuliko kawaida. Pampu za hewa zilikuwa mbili. Ilifaa ziwe zaidi na tangi lifunguliwe feni tangu saa ya kwanza. Nemo mdogo alimfuata siku mbili baadaye. Waliobaki walipona.

Tangi la sebuleni lilikaa bila samaki siku 76. Matumbawe, kamba na konokono walibaki humo, kwa kuwa kimelea hiki hakiishi kwa viumbe wasio samaki, na chakula kidogo kilitupwa kila siku chache ili bakteria wa chujio wasife njaa. Wapo wanaosema siku 45 zinatosha maji yakiwa na joto la nyuzi 27 au zaidi, kwa sababu joto huharakisha kupasuka kwa vifuko. Kwa maji yetu hoja hiyo ina nguvu. Mimi bado nahesabu 76, kwa sababu kosa la siku chache linafuta kazi ya miezi, na mawe yana mashimo ambamo maji hayazunguki sawasawa. Muda wote huo, ndoo, wavu na mpira wa kunyonyea maji wa sebuleni havikuvuka kuingia chumba cha uani. Kwa velveti ni lazima kuongeza umbali pia. Vichanga wake wanaweza kusafiri na matone madogo ya hewani kati ya matangi, na mita 3 ndio umbali wa tahadhari unaotajwa.

Kilichobadilika nyumbani kwa mzee ni tangi dogo la lita 40 chini ya ngazi, lenye taa, pampu moja, kipande cha jiwe kikavu, na hakuna samaki. Humo huingia kila tumbawe jipya, na konokono na kamba pia, kwa sababu gamba la konokono ni mahali pazuri pa kifuko kama lilivyo jiwe. Siku zile 76 huanza kuhesabiwa tangu kiumbe wa mwisho alipoingia. Ukitia tumbawe la pili siku ya 60, la kwanza nalo linarudi mwanzo. Hilo lilimkera mzee hadi alipoamua kununua kwa mafungu, matumbawe matatu au manne kwa pamoja, kisha kufunga mlango.

Kuchovya dawa kunabaki, ila sasa kila mtu anajua ni kwa ajili ya nini: minyoo bapa, konokono wasio na gamba wanaokula zoantidi, wadudu wadogo wa matumbawe magumu. Dawa huwaangusha wakubwa na kuyaacha mayai. Minyoo bapa ya Acropora, jamii ya matumbawe magumu (minyoo yenyewe ni Amakusaplana acroporae), hutaga penye mifupa mitupu karibu na kitako cha tumbawe, vidoa vya kahawia vilivyopangana, na hapo ndipo pa kutazama kwa kioo cha kukuza. Tunachovya tena kila wiki hadi mayai yaishe kuangua. Kikalio kilichokuja na tumbawe tunakikata au kukibandua na kukitupa, maana humo ndimo mnamokuwa na aiptasia, yule anemoni mdogo wa kahawia anayesambaa tangi zima akishaingia. Usiku tunamulika kwa tochi nyekundu. Wengi wa wageni wasiotakiwa hutembea giza likiingia.

Kwenye zoantidi kuna onyo la binadamu. Baadhi yao, hasa jamaa zao wa Palythoa, wana palitoksini, sumu kali mno. Kukata au kubandua kikalio kufanyike kwa glavu na miwani ya kukinga macho, chini ya maji kila inapowezekana, na kamwe jiwe lenye zoantidi lisichemshwe wala kusuguliwa kwa brashi likiwa kavu. Mwaka 2018 familia moja ya Oxfordshire, Uingereza, ililazwa hospitali baada ya tangi lao kusafishwa na sumu kupaa hewani. Wajukuu hawakai karibu siku ya kazi hiyo.

Mzee sasa ameagiza kangaja wa buluu mwingine kwa wapiga mbizi wa kusini mwa pwani, na nimemwomba awe mdogo, mwenye urefu usiozidi sentimita 10, aliyeonekana akila kabla ya kulipiwa. Atapitia njia ya kuhamisha kwanza, kisha shaba ya wiki tatu kwa sababu ya velveti, kisha siku 14 za uangalizi kama yule wa kwanza. Kwa siku ya kumwingiza sebuleni tumekubaliana juu ya ubao wa plastiki wenye matundu utakaomtenga na kangaja wa tanga kwa wiki nzima, waonane bila kugusana. Na tangu siku atakapowasili hadi mwezi mmoja baada ya kuingia, halitanunuliwa tumbawe.